Kuwahamasisha Wafanyakazi wa Hospitali Kujitolea Katika Jamii: Mwongozo kwa Waratibu wa Moshi na Vijiji vya Jirani

Nimeuandika mwongozo huu kwa sababu wenzangu wanaopewa jukumu la kuratibu kazi za kujitolea hospitalini huniuliza maswali yale yale kila mara: nianze na barua au na kikao, watu watalipwa posho au hawatalipwa, nipange siku ya kazi au siku ya mapumziko, na yule mhasibu au fundi wa umeme ambaye hajawahi kushika mashine ya presha nimpe kazi gani. Maswali haya ni ya msingi, na mratibu asipoyapatia majibu mapema huishia kuandaa tukio moja kubwa lenye fulana na picha nyingi, kisha mwaka mzima unapita kimya.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Wafanyakazi wa hospitali hapa Moshi hawajapungukiwa na moyo wa kujitolea. Muuguzi unayedhani hana muda ndiye mweka hazina wa jumuiya yake, ndiye anayegongewa mlango usiku jirani akishikwa na uchungu, na msibani ndiye anayesimamia jiko. Kinachomzuia kujitokeza kwenye mpango wa hospitali ni ratiba ya zamu isiyomwachia nafasi, pamoja na mwaliko unaomfikia kama amri. Ukiyarekebisha mambo hayo mawili, kazi iliyobaki inawezekana. Usipoyarekebisha, utatangaza hadi sauti ikauke na watakuja wale wale wachache.

Hatua zifuatazo zinafaa kwa hospitali kubwa kama KCMC au Mawenzi, na zinafaa pia kwa hospitali ya misheni yenye wafanyakazi wachache huko Kibosho au Marangu. Katika hospitali ndogo utaunganisha baadhi ya hatua, lakini mpangilio wake usiubadilishe.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Hakikisha una vitu hivi mkononi kabla hujamwambia mfanyakazi yeyote kwamba kuna mpango:

- Mtu mmoja wa uongozi anayekuunga mkono kwa jina lake, awe Mganga Mfawidhi, Katibu wa Afya au Muuguzi Mkuu. Kuungwa mkono na "uongozi" kwa ujumla hakutoshi, kwa kuwa siku ya tatizo utahitaji mtu wa kumpigia simu.
- Nakala ya ratiba za zamu za angalau idara tatu, ili uone watu wanavyopangwa kwa kweli.
- Daftari moja la kuandikisha majina, idara, namba za simu na mambo ambayo kila mmoja anaweza kufanya.
- Fedha kidogo za nauli, maji ya kunywa na chakula cha mchana. Zisipokuwepo, punguza ukubwa wa kazi hadi ilingane na kilichopo.
- Wenzako wawili au watatu wa kusaidia kuratibu, na mmoja wao asiwe daktari wala muuguzi.

Fulana, bango na kipaza sauti sikuviweka kwenye orodha. Vinaweza kuja baadaye, na vingine havitahitajika kamwe.

Hatua ya 1: Pata ruhusa iliyoandikwa

Andika barua ya ukurasa mmoja kwa Mganga Mfawidhi. Eleza kwamba unaomba kuratibu kazi za kujitolea za hiari, kwamba hazitapunguza watumishi wodini, na kwamba kila kazi itatolewa taarifa kabla ya kufanyika. Omba mambo matatu kwa maandishi: idhini ya kuwasiliana na wakuu wa idara, idhini ya kutumia vifaa vitakavyotajwa, na tamko kwamba mfanyakazi atakayeumia akiwa kwenye kazi iliyoidhinishwa atahudumiwa na hospitali. Hilo la tatu husahaulika sana, na ndilo ambalo wafanyakazi wazoefu huuliza kwanza.

Ikiwa kazi itahusu upimaji wa afya au utoaji wa huduma yoyote ya tiba nje ya hospitali, barua ya pili iende kwa Mganga Mkuu wa Manispaa, au wa Halmashauri ya Wilaya ikiwa mnakwenda Uru, Old Moshi, Kahe au kwingineko nje ya mji. Hospitali haina mamlaka ya kufungua kliniki sokoni kwa sababu tu ina wataalamu wenye leseni.

Hatua ya 2: Uliza wafanyakazi wanafanya nini tayari

Hii ndiyo hatua ambayo waratibu wapya huiruka, na ndiyo ninayokusihi uipe muda mrefu kuliko zote. Pita idara moja baada ya nyingine, nyakati za utulivu, na uulize maswali mawili tu: "Ukiwa nyumbani, ni kazi gani ya jamii unaifanya?" na "Ni jambo gani ungependa kulifanya kama ungepata watu wa kukusaidia?"

Majibu utakayopata yatakushangaza kwa wingi wake. Utamkuta mtaalamu wa maabara anayefundisha kwaya ya vijana, mlinzi ambaye ni mjumbe wa kamati ya maji kijijini kwao na kila mwaka hushiriki msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji, wa kusafisha mfereji, na dereva wa gari la wagonjwa anayefahamiana na waendesha bodaboda wote wa kijiwe cha karibu na kwake. Nilimsikiliza dada mmoja wa dobi akieleza jinsi anavyowafundisha mabinti wa shule ya jirani kufua vitambaa vya hedhi: waviloweke kwanza kwenye maji baridi, kwa sababu maji ya moto hugandisha damu kwenye kitambaa, wafue kwa sabuni, kisha waanike juani badala ya kuvificha chini ya godoro ambako havikauki. Hakuna aliyemtuma, na idara nzima haikuwa ikijua. Mpango wa hospitali unapoanza kwa kumwongezea dada huyu wasaidizi wawili na katoni ya sabuni, unakuwa umeanza mahali penye uhai.

Andika kila jibu daftarini, na usimdharau asiye mtaalamu wa tiba. Mhasibu anaweza kukifundisha kikundi cha akiba na mikopo kutunza vitabu vyake. Fundi anaweza kutengeneza mabomba ya shule ya msingi ambayo watoto wake hunawa kwa zamu kwenye ndoo moja. Mtumishi wa dirisha la bima anaweza kuwaeleza wananchi utaratibu wa bima, na haja hiyo ni kubwa, kwa maana tangu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipopitishwa mwaka 2023 watu wengi wamebaki na maswali ambayo hawajui wamuulize nani.

*Tahadhari:* usitumie fomu ndefu ya kujaza. Watu wataipokea kwa heshima, wataiweka kwenye droo, na hutaiona tena.

Hatua ya 3: Nenda mtaani ukasikilize

Kabla ya kuchagua kazi, nenda ofisi ya serikali ya mtaa au ya kijiji. Onana na mwenyekiti na Afisa Mtendaji, kisha muulizie mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye mara nyingi anazijua nyumba zenye wagonjwa kuliko mtu mwingine yeyote. Nenda na mwenzako mmoja tu, na msivae sare.

Namna ya kuuliza ina uzito wake. Ukiuliza, "Mnahitaji nini kutoka hospitali?" utapewa orodha ya magodoro, dawa na gari la wagonjwa, na utaondoka ukiwa umeacha matumaini usiyoweza kuyatimiza. Uliza badala yake, "Ni jambo gani la afya limewasumbua watu wa hapa miezi hii?" Pasua au Njoro unaweza kusikia habari za maji yanayotuama na kuhara kwa watoto. Migombani huko Kibosho utasikia habari za wazee wanaoishi peke yao, wenye presha na kisukari, ambao watoto wao wako Dar es Salaam na hurudi Desemba. Mahitaji ya sehemu hizi mbili hayafanani, na kazi moja haiwezi kutosheleza zote.

Mkiwa hapo, uliza pia kalenda yao. Siku ya gulio, siku ya mikutano ya mtaa, msimu wa kuvuna kahawa unaoanza katikati ya mwaka, na miezi ya masika kuanzia Machi hadi Mei ambapo barabara za miteremkoni huteleza, yote hayo yataamua iwapo watu watakuja. Viongozi wa dini waonwe mapema, kwa sababu tangazo la mchungaji, katekista au imamu hufika mahali ambapo bango halifiki.

Hatua ya 4: Chagua kazi moja, ndogo

Linganisha daftari la wafanyakazi na mlichokisikia mtaani. Panapokutana, chagua kazi moja inayoweza kufanywa na watu sita hadi kumi kwa nusu siku. Ikifanikiwa, mtairudia.

Kazi ninayoipendekeza kwa hospitali inayoanza kabisa ni uchangiaji wa damu wa wafanyakazi wenyewe pamoja na familia zao na majirani, kwa kushirikiana na Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ambao kituo chake cha Kanda ya Kaskazini kipo hapa hapa Moshi. Haihitaji safari, haihitaji fedha nyingi, na kila idara inaweza kushiriki. Mchangiaji anatakiwa kuwa na umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50 na afya njema; mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya miezi minne. Damu nzima huhifadhiwa kwa takriban siku 35 tu, kwa hiyo zoezi moja kubwa la mwaka lina faida ndogo kuliko mazoezi manne madogo. Panga moja liangukie mwanzoni mwa Desemba. Shule zikifungwa, wanafunzi wa sekondari, ambao ni sehemu kubwa ya wachangiaji wa hiari, wanakuwa nyumbani, na wakati huo huo barabara ya kutoka Dar es Salaam inajaa watu wanaorudi Kilimanjaro kwa ajili ya Krismasi.

Kazi ya pili ninayoipenda ni mafunzo ya huduma ya kwanza kwenye vijiwe vya bodaboda. Yeyote aliyefanya kazi wodi ya mifupa au ya majeruhi wa kichwa anajua sababu. Waendesha pikipiki ndio hufika kwanza kwenye ajali, na saa mbili zinatosha kuwafundisha kubana jeraha linalovuja damu kwa kitambaa safi bila kuachia, kutomvuta majeruhi kwa mikono wala kumkunja katikati ya abiria wawili, na kutovua kofia ngumu kwa haraka. Hapa yule dereva wa gari la wagonjwa anayefahamika kijiweni atakufaa kuliko bingwa wa upasuaji.

Hatua ya 5: Panga kwa kufuata zamu

Chukua ratiba za mwezi unaofuata kabla hazijafungwa. Keti na muuguzi mfawidhi wa kila wodi inayohusika, mkiwa na kalamu ya risasi, na muulize ni nani anaweza kupangiwa siku ya mapumziko iangukie siku ya kazi ya kujitolea bila wodi kuyumba. Ukimwendea ratiba ikiwa tayari imebandikwa ukutani, unamwomba avunje alichokwisha kukijenga, na atakataa kwa haki.

Zingatia masharti yafuatayo bila kuyalegeza:

1. Mtu anayetoka zamu ya usiku asipangwe kwenye kazi yoyote asubuhi hiyo, hata akisisitiza kwamba anaweza. Uchovu wake utamdhuru yeye au utamdhuru mwingine.
2. Idara moja isitoe zaidi ya watu wawili kwa siku moja.
3. Mtu asipangwe mara mbili mfululizo wakati wapo wengine walioomba.
4. Kila kazi iwe na watu wawili wa akiba, kwa sababu dharura za hospitali hazipangwi.

Kuhusu swali la siku ya kazi au siku ya mapumziko, jibu langu ni kwamba mchanganyiko ndio unaodumu. Hospitali ikiweza kutoa nusu siku moja ya kazi kwa kila mfanyakazi kila robo mwaka, na mfanyakazi naye akatoa nusu siku moja ya mapumziko yake, kila upande unakuwa umechangia na hakuna anayejiona amenyonywa. Pale ambapo uongozi hauwezi kutoa muda huo, sema hivyo waziwazi na uendelee na wale watakaokubali kutoa muda wao.

Kuhusu posho, uamuzi ufanywe kabla ya mwaliko na uandikwe. Nauli irudishwe, chakula kitolewe, na posho isiwepo. Ukiwalipa posho watu wa kundi la kwanza, kundi la pili litauliza kiwango, na mpango utakufa siku fedha zitakapokwisha.

Hatua ya 6: Alika mtu kwa mtu

Tangazo kwenye ubao na ujumbe kwenye kundi la WhatsApp ni vya kukumbusha tu. Mwaliko wenyewe utolewe kwa mdomo, na utaje kitu ambacho mtu huyo alikwambia katika Hatua ya 2. Kwa mfano, kwa mhudumu wa jikoni mwenye umri wa kukuzidi: "Shikamoo mama. Uliniambia kule Rau mnawapikia wazee wa jumuiya siku ya Jumapili. Tunakwenda kuwatembelea wazee wale wale tarehe 14, na tungependa wewe ndiye utuongoze majumbani kwao. Muuguzi mfawidhi ameshaniambia siku hiyo hupo zamu. Ukipata udhuru, hakuna ubaya." Mwaliko huu una siku, una kazi mahususi, unaonyesha kwamba ratiba imeshaangaliwa, na unamwachia mlango wa kukataa.

Mlango huo wa kukataa uwe wa kweli. Orodha ya waliojitolea isipelekwe kwa Afisa Utumishi kama kipimo cha utendaji, na mkuu wa idara asisimame kwenye kikao cha asubuhi akauliza nani hataki kwenda. Nimeona mahali ambapo kujitolea kulifanywa sharti la kupata maelewano mazuri na mkuu. Watu walikwenda, walikaa kivulini wakisubiri picha ya pamoja, na wananchi waliona. Hospitali hujengewa sifa mbaya kwa siku moja kama hiyo, na kuisafisha huchukua muda mrefu.

Hatua ya 7: Andaa watu na vifaa

Siku mbili au tatu kabla, kutana na waliokubali kwa muda usiozidi saa moja. Mambo ya kukubaliana ni machache: nani anaongoza, kila mtu anafanya nini, mnafika na kuondoka saa ngapi, na mambo gani hamtafanya. Hayo msiyoyafanya yasomwe kwa sauti: kutogawa dawa zisizoidhinishwa, kutopiga picha ya mwananchi bila ridhaa yake, kutotaja habari za mgonjwa yeyote mnayemfahamu kutoka wodini hata kama jirani zake wanauliza, na kutoahidi kitanda, msamaha wa malipo wala kazi.

Kwa upimaji wa presha na sukari, chukua mashine zilizokaguliwa, betri za akiba, mikanda ya mkono ya ukubwa tofauti, stripu ambazo muda wake haujaisha, sindano za kutobolea kidole za kutumika mara moja tu, glovu, na boksi la kutupia vitu vyenye ncha kali ambalo litarudishwa hospitalini siku hiyo hiyo. Kila aliyepo ajue kwamba akichomwa na sindano iliyotumika anaosha jeraha kwa maji na sabuni, anatoa taarifa papo hapo, na anapelekwa kupata dawa za kinga dhidi ya VVU mapema iwezekanavyo, kwa maana baada ya saa 72 dawa hizo hazianzishwi tena.

Andaa pia fomu za rufaa, na zungumza mapema na kituo kilicho karibu, kama vile Kituo cha Afya Pasua ikiwa mnafanya kazi maeneo hayo, ili wajue kwamba mtawapelekea watu. Kumpima mtu, ukamwambia presha yako iko juu, kisha ukamwacha hapo hapo, ni kumwongezea hofu bila kumpa msaada.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Fikeni nusu saa kabla, msalimieni mwenyekiti, kisha mpange meza kivulini. Kiongozi asifanye kazi ya kupima. Kazi yake ni kuangalia foleni, kuona nani amechoka, na kuzungumza na viongozi wa mtaa.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kupima presha kwa haraka. Mama ametembea kutoka juu akiwa na mkungu wa ndizi kichwani, ameutua, ameketi, na papo hapo anafungwa mkanda juu ya mkono wa sweta huku anajibu maswali ya mwandikishaji. Mashine inasoma 168, mpimaji anatikisa kichwa, na mama anaondoka akiamini amekwisha. Weka benchi la kupumzikia kabla ya meza ya kipimo. Mtu akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kukunjwa, mkono wazi umelazwa mezani usawa wa moyo, na hakuna mazungumzo. Pima mara mbili. Ikibaki 140/90 au zaidi, mpe fomu ya rufaa aende kituoni akapimwe tena siku nyingine kabla ya kuambiwa ana ugonjwa. Ikifika 180/110 au zaidi, aonwe na daktari siku hiyo hiyo.

Benchi hilo linapunguza idadi ya watu mnaowapima, na wapo watakaolalamika. Wavumilieni, na msiliondoe.

Mkimaliza, safisheni mahali mlipokaa, hesabuni vifaa, na muageni mwenyekiti kabla ya kupanda gari.

Hatua ya 9: Toa mrejesho ndani ya wiki moja

Andika nusu ukurasa: kazi gani ilifanyika, wangapi walihudumiwa, wangapi walipewa rufaa, na nini kilikwama. Nakala moja iende kwa Mganga Mfawidhi, moja kwa ofisi ya mtaa, na moja ibandikwe mahali wafanyakazi wanapopita. Wanaposoma kwamba wazee wanne waliopewa rufaa walifika kituoni na wameanza dawa, wataelewa kazi yao kuliko watakavyoielewa kwa hotuba.

Shukuru kwa majina, na washukuru pia waliobaki wodini wakibeba pengo. Muuguzi aliyeshika wodi yenye mtu mmoja pungufu ili mwenzake aende mtaani naye amejitolea, na barua ya shukrani ya ukurasa mmoja iliyosainiwa na Mganga Mfawidhi inamfaa sawasawa na yule aliyekwenda.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

*Wanakuja wale wale kila mara.* Rudi kwenye daftari la Hatua ya 2 na angalia idara ambazo hazijawahi kutoa mtu. Mara nyingi utakuta kwamba hazikualikwa, au mkuu wa idara hakupewa taarifa mapema. Wakati mwingine kazi zote zilizochaguliwa ni za kitabibu, na mpishi, mlinzi na mtunza kumbukumbu hawakuona nafasi yao. Fanya kazi inayofuata iongozwe na mmoja wao.

*Madaktari hawaonekani kabisa.* Wape kazi fupi yenye mwanzo na mwisho unaojulikana, kama vile kujibu maswali kwa saa moja kwenye mkutano wa mtaa, badala ya kuwaomba siku nzima. Wengi watakubali.

*Wananchi wanadhani mnagawa dawa au mnatafuta kura.* Tangazo lirudiwe na kiongozi wa mtaa mwenyewe siku moja kabla, likitaja wazi kitakachofanyika na kisichofanyika. Miezi ya uchaguzi ahirisheni kazi za hadhara, na mwanasiasa atakayeomba kufungua zoezi lenu ajibiwe kwa adabu kwamba utaratibu wenu hauna mgeni rasmi.

*Watu wamejaa kuliko uwezo wenu.* Toa namba kwa idadi mnayoweza kuhudumia kwa ubora, anza na wazee na wajawazito, na waliobaki waandikishwe majina pamoja na tarehe mtakayorudi. Kisha rudini tarehe hiyo. Kama hamna uhakika wa kurudi, msiandike tarehe yoyote, bali waelekezeni kituo cha karibu.

*Mfanyakazi amekutana na jambo zito nyumbani kwa mtu,* kama vile mtoto anayepigwa au mzee aliyetelekezwa. Asilitatue peke yake, na asilipeleke kwenye kundi la simu. Amweleze kiongozi wa siku hiyo, naye awasiliane na afisa ustawi wa jamii, pamoja na dawati la jinsia na watoto la polisi pale inapobidi. Mfanyakazi mwenyewe aulizwe hali yake siku chache baadaye, maana mambo ya namna hii humfuata mtu mpaka usingizini.

*Shughuli imepoa baada ya miezi sita.* Usitafute kauli mbiu mpya. Kaa na watu watano walioacha kuja na uwaulize kwa upole. Kwa ninavyojua, watataja uchovu, nauli ambayo haikurudishwa, au kazi waliyoona haina maana. Nauli ilipwe wiki hiyo hiyo, na kazi isiyo na maana ifutwe.

*Mganga Mfawidhi aliyewaunga mkono amehamishwa.* Msisubiri mrithi wake asikie habari zenu kwa wengine. Mpelekeeni ndani ya wiki zake za kwanza ripoti zote za nusu ukurasa zikiwa zimepangwa kwa tarehe, pamoja na barua ya ruhusa ya zamani na ombi la kuihuisha. Nendeni na muuguzi mfawidhi wa wodi moja iliyoshiriki, ili aeleze mwenyewe namna zamu zilivyopangwa bila wodi kuyumba, na mfanye hivyo kabla ratiba ya mwezi unaofuata haijafungwa.